Gamba, Foleni na Sahihi Moja

Jumatatu, 3 Agosti

Likizo imekubaliwa! Siku nne, kuanzia Ijumaa. Sahihi na mhuri. Mkuu wa masjala aliuliza ni ya nini. Nikajibu shughuli za kifamilia. Si uongo. Shemeji ni familia.

Mke wangu naye aliuliza ni ya nini. Nikasema ya kupumzika. Akatazama juu, kwenye bati la jikoni, pale panapovuja tangu mwaka jana. Akaitazama ndoo. Akanitazama mimi. Mwanamke anayejua kutazama hana haja ya kupoteza mate.

Niandike kesi yenyewe kwa utaratibu, maana jambo lisiloandikwa ni uvumi tu. Miaka kumi na tisa iliyopita, kabla sijamuoa dada yake, mimi na Shemeji tulikaa dawati moja shuleni. Tukanunua kwa pamoja toleo la kwanza la katuni za Kobe Mpelelezi. Nakala moja, watu wawili. Kosa la ujana. Tangu hapo inakaa kwangu miezi sita, kwake miezi sita. Kila ikirudi kutoka kwake inanuka mafuta ya nywele, kwa sababu Shemeji ni kinyozi na huisoma kazini. Yeye hudai ikitoka kwangu imetobolewa tundu la kufungia jalada. Tundu moja! Tena pembeni.

Mama mkwe amechoka. Ametoa hukumu. Jumamosi hii ni kongamano kuu la mashabiki wa Kobe, na Mchoraji mwenyewe atatia sahihi na kuandika jina la mtu. Jina litakaloandikwa kwenye nakala yetu ndilo la mwenye mali. Milele. Na yeye asisikie tena habari za kobe nyumbani kwake. Mpaka siku hiyo nakala itunzwe na mke wangu, kwa kuwa katika ukoo mzima ndiye peke yake asiyeitaka.

Hukumu ya haki. Nitashinda.

Jumatano, 5 Agosti

Mke wangu kauliza swali la kihakimu: kuna faida gani kwenda kusukumana na watu elfu ishirini ili umwone mtu anayechora kobe? Barua haziandikiki siku hizi?

Swali zuri. Nimelifungulia jalada: KWENDA AU KUTOKWENDA. Kushoto faida, kulia hasara. Hasara zimejaza ukurasa: joto, vyoo, kukanyagwa, bati la jikoni. Faida imepatikana moja: Shemeji anakwenda. Lakini hoja haipimwi kwa idadi ya mistari. Nakwenda.

Gamba limekamilika. Shabiki wa kweli huenda na gamba mgongoni kama Kobe. Langu nimeliunda kwa majalada ya zamani yaliyokuwa yatupwe, tabaka saba, gundi na uzi wa kushonea magunia. Limetoka mraba kidogo. Begani bado panasomeka "Migogoro ya Mipaka, Juzuu ya Pili". Sioni ubaya.

Jioni Shemeji akaja kulionyesha lake. Beseni la plastiki, limepakwa rangi ya kijani. Akanizunguka mara mbili, akasema, "Bwana Mhuri, kumbe unakwenda kama kabati?" Nikamjibu lake lina povu la sabuni ukingoni. Mke wangu akatoka jikoni, akalitazama, akauliza hilo si beseni lake la kufulia lililopotea wiki iliyopita? Shemeji akaaga haraka. Hakugusa hata chai.

Ijumaa, 7 Agosti

Siku ya mikakati. Ratiba nimeipata. Milango inafunguliwa saa mbili, meza ya sahihi saa nne. Watu mia mbili tu! Mchoraji ni mtu mzima, mkono una mipaka yake.

Nimempigia Shemeji simu, kwa wema tu, nikamwambia mlango wa mashabiki ni wa mashariki. Wa mashariki ni wa malori. Akanishukuru sana. Akanieleza naye, kwa wema wake, kwamba mambo hayaanzi kabla ya saa sita, nisijisumbue kuamka. Mwongo mkubwa! Unaanzaje kumdanganya mtu wa familia?

Vitu vya kesho: gamba, kalamu mbili, daftari la kuchana, mhuri wa tarehe. Mke wangu kauliza mhuri wa nini kwenye sherehe. Nikamwambia mtu wa masjala bila mhuri ni mpita njia.

Yeye atabeba nakala, chupa ya chai na mto wa kukalia. Sheria ya mama yake iko wazi: atakayefika mezani kwanza amwite, atapewa nakala hapo hapo.

Jumamosi, 8 Agosti

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Mgongo hautaki kuguswa.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa langoni. Hatukuwa wa kwanza. Hatukuwa hata wa elfu moja. Magamba kila upande! Ya mbao, ya sponji, masufuria, kofia za kijeshi, na baba mmoja aliyebeba nusu ya tangi la maji. Ukigeuka kumsalimu wa kushoto unampiga wa kulia. Hakuna aliyegombana. Kila mtu akisema samahani, akigeuka kuisema, akimpiga mwingine.

Saa mbili na nusu lango la kawaida likazidiwa. Wakafungua la malori. Shemeji alikuwa pale peke yake, kama bwana harusi. Akaingia akitembea.

Mimi nikafika mlango wa ukumbi saa tatu. Mlango una pembe. Gamba langu lina pembe. Tukakutana. Nikasukumwa kutoka nyuma, gamba likachomoka mlangoni kwa kishindo, nikaanguka chali, miguu juu, nikawa nabembea. Juzuu ya Pili ni nzito. Watu wakanizunguka, wakapiga makofi. Walidhani ni onyesho! Nikapigwa picha zisizo na idadi. Mke wangu akapita na mto wake kwapani, akainama, akanieleza kwamba atakuwa kwenye benchi la dirishani. Akaendelea na safari.

Nikainuliwa na wasiojulikana. Nikafika kwenye foleni ya sahihi. Foleni? Lile lilikuwa fungu la kuni. Vichwa vitatu, mikia minne, kila mtu akiapa alikuwepo kabla ya mwenzake. Mama mmoja akasema ameshikiwa nafasi na mtu aliyevaa kijani. Wote wamevaa kijani!

Hapo mtu wa masjala akaamka ndani yangu. Nikatoa daftari, nikachana karatasi, nikaandika namba, nikagonga mhuri, nikagawa. Watu walitulia kama watoto waliopewa uji. Kijana wa waandaaji akaja mbio, akanivika fulana ya njano juu ya gamba, akanipa filimbi na kipaza sauti. Akasema, "Mzee, Mungu akuweke." Sijawahi kuambiwa hivyo ofisini.

Sasa niandike ukweli. Nilianza kugawa kutoka mezani. Aliyesimama karibu zaidi na meza alikuwa Shemeji. Nilitafakari. Lakini utaratibu ni utaratibu. Nikampa namba moja. Kwa mkono wangu. Na mhuri! Aliipokea kwa mikono miwili, akaniuliza kwa sauti ya upole yangu ni ngapi. Nikamweleza kwamba msimamizi hujiandikia mwisho, kuepuka lawama.

Yangu ilikuwa 412.

Saa nne Mchoraji akaingia. Mama mfupi, miwani shingoni, kifurushi cha biskuti mkononi. Ukumbi ukalia kwa shangwe. Mimi sikumwona. Nilikuwa mkiani nikiamua kesi ya namba 306, iliyokuwa imeliwa na mtoto.

Yaliyotokea mezani nimesimuliwa na mke wangu. Shemeji ni mtu anayeweza kunyoa vichwa vitatu huku akieleza mpira, siasa na ndoa za watu, bila kumeza mate. Alifika mbele ya Mchoraji akiwa na nakala mkononi. Mchoraji akamuuliza niandike jina gani, mwanangu? Kimya. Akamuuliza tena. Mdomo ukafunguka, sauti haikutoka. Beseni likaanza kutetemeka mgongoni. Nyuma watu mia moja tisini na tisa wakapiga kelele, "Taja jina, wewe!" Akageuka kuwatazama kana kwamba wanaweza kumkumbusha.

Mke wangu alikuwa amesimama pembeni, kwa kuwa ndiye aliyemkabidhi nakala. Akataja jina.

Lake mwenyewe.

Mchoraji akaliandika. Vizuri sana, kwa wino mweusi, na kakobe kadogo chini.

Nilimuuliza ni kitu gani kilimwingia. Akasema alikaa pale benchi tangu saa tatu, chai ikaisha, hakuwa na kingine cha kusoma. Akaisoma. Alicheka ukurasa wa kumi na mbili mpaka mto ukaanguka. Miaka kumi na tisa anatufutia vumbi lake na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba inachekesha. Isitoshe, akasema, mjomba wa Kobe ndiye mwizi, na anayajua hayo tangu ukurasa wa tano. Mimi ilinichukua mwaka mzima.

Namba 200 ilipopita, Mchoraji akafunga kalamu. Kijana akaniomba nitangaze. Nikashika kipaza sauti, nikawaarifu wenye namba 201 hadi 412 kwamba zoezi limefungwa, warudi salama. Nilizomewa. Nikiwa mwenye namba 412, nami nilijizomea kidogo. Haki sawa kwa wote.

Jumapili, 9 Agosti

Tumekata rufaa. Mimi na Shemeji, bega kwa bega, kwa mama mkwe. Mara ya kwanza tumekubaliana jambo tangu arusi yangu. Sauti yake imerudi, kwa bahati mbaya. Alizungumza dakika arobaini.

Mama mkwe alisikiliza akichambua mchele. Akauliza swali moja: jina lililoandikwa ni la nani? Tukamtajia. Akasema basi. Tukasema lakini yeye hakuwa mshindani! Akasema ndiyo maana alisimama wima. Kisha akatukumbusha kwamba hataki kusikia habari za kobe, na mlango uko pale pale tulipouacha.

Nakala iko ndani ya sanduku la mke wangu. Ufunguo uko shingoni mwake. Ametangaza masharti: atakayeziba bati la jikoni ataisoma kwa saa moja, kwa mikono iliyooshwa.

Nimemtazama Shemeji. Shemeji kanitazama.

Jumanne, 11 Agosti

Mbinu ya bati. Kwanza tathmini. Nimechora ramani ya paa kwa vipimo, nikayapa mabati yote namba. Mtu hapandi paa kama mwizi.

Wakati napiga mstari wa mwisho nikasikia nyundo juu ya kichwa changu. Shemeji! Kaazima ngazi, kafunga kibanda cha kunyolea, yuko juu na misumari. Nikatoka nje nikamwambia anagonga bati namba tisa, linalovuja ni namba sita. Akanijibu kutoka juu kwamba bati halijui kusoma. Nikapanda kumwonyesha. Tukawa wawili juu ya bati namba saba.

Namba saba halikuwa na matatizo kabla ya leo.

Mchana nimepokea barua ya waandaaji. Wananishukuru kwa moyo wa kujitolea. Mwakani wananiomba niwe Mkuu wa Foleni, na kitambulisho chenye picha! Picha wameshaiweka. Ni ile ya chali, miguu juu.

Jumamosi, 15 Agosti

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Jikoni panavuja mahali patatu. Hali imedhibitiwa: nimezipa ndoo namba, moja hadi tatu, na daftari la kuzimwaga. Mke wangu amepika na mwavuli. Aliniuliza tena, bila kelele, kama kongamano lile lilikuwa na faida.

Nimefungua jalada. Nimepitia hasara upya, kwa haki: mgongo, likizo, bati namba saba, nakala yenyewe. Upande wa faida nimeandika: foleni ilinyooka. Nimegonga mhuri. Jalada limefungwa. Ilikuwa na faida.

Kwa hiyo mwakani nakwenda. Kanuni za foleni nimeshaandika kurasa sita. Kanuni ya kwanza: wa karibu na meza hupewa namba moja. Kanuni ya pili: msimamizi hujiandikia mwisho.

Shemeji naye anakwenda. Anafanya mazoezi ya kutaja jina lake mbele ya kioo cha kinyozi, wateja wanalalamika.

Habari kubwa nimeiacha mwisho. Jana tumepata toleo la pili! Kwa mzee muuza vitabu chakavu, jalada zima, kurasa zote. Nakala ilikuwa moja tu, na hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake, basi tumeinunua pamoja. Miezi sita kwangu, miezi sita kwake. Safari hii tumeandikiana, hakuna tena ugomvi. Mwakani Mchoraji ataamua.

Imebaki kupata mtu wa kuitunza mpaka siku hiyo. Mke wangu amejitolea mwenyewe. Alikuwa anamwaga ndoo namba mbili, akasema tumpe tu yeye, haitaki hata kidogo.

Tumemkabidhi papo hapo. Mtu mwaminifu kama yule utampata wapi?