Siku Niliyonyamaza na Boga Mikononi

Jumatatu, 14 Julai

Leo nimegunduliwa kuwa na ugonjwa. Mwalimu Ezekia, anayefundisha kwaya yetu ya vijana hapa Igowole, amesema mbele ya watu wote kwamba sijiamini. "Goodness, akili unayo. Tatizo lako hujiamini." Akatikisa kichwa kama daktari aliyeshika majibu mabaya. Sauti ya pili yote ikanihurumia.

Chanzo ni hiki. Jumapili ya tarehe 27 kwaya inakwenda Mbeya kwenye tamasha. Gari ni dogo, wanachukuliwa waimbaji bora tu. Mimi si bora. Mwalimu hunipanga nyuma ya Adrian kwa sababu Adrian ni mpana. Lakini imebaki nafasi moja ya mtangazaji, mtu wa kusimama mbele, kusalimia watu na kutaja wimbo. Hiyo ndiyo yangu! Sijawahi kuvuka Makambako. Naitaka Mbeya mpaka tumbo linauma.

Mpinzani ni mmoja: Jackline. Ana sauti ya kurudisha nyumbani ng'ombe wa kijiji kizima. Jumapili hii ya mavuno kila mmoja wetu ataendesha mnada wa sadaka nje ya kanisa, kisha wazee watachagua.

Nimeamua kujitibu. Mpaka Jumapili nitakuwa nimepona.

Jumatano, 16 Julai

Tiba ya kwanza: sauti. Baada ya shule nimeingia ndani kabisa ya msitu wa misonobari, mahali pasipo na mtu wa kunicheka. Nikavuta pumzi. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Nani anaongezaaa?" Ajabu! Sikujua nina sauti kama ile. Nikarudia. Nikazidisha. Nikaruka juu na kupunga mikono.

Nilisahau jambo moja ambalo hata mtoto wa chekechea hapa kwetu analijua. Kiangazi, mtu akipiga kelele msituni, maana yake ni moto.

Ilikuja nusu ya kijiji. Wanaume na matawi mabichi ya kuuzimia, akina mama na ndoo, mlinzi wa msitu akiwa na kiatu kimoja. Wakauliza moto uko wapi. Nikasema hakuna moto, nilikuwa najiamini.

Mlinzi akaniuliza najiamini kwa ruhusa ya nani.

Tangu jioni Mama anapika kwa kugonga sufuria.

Ijumaa, 18 Julai

Tiba ya pili: macho. Adrian amesoma kwenye simu ya kaka yake kwamba anayejiamini humtazama mtu usoni bila kupepesa. Rahisi! Haina kelele, haiiti zimamoto.

Nimeanza na Mama Devotha, jirani yetu, mzee wa kanisa. Kanisalimia, "Kamwene." Siku zote huwa napiga goti na kutazama chini. Leo nimesimama wima kama mlingoti, nikamtazama machoni, nikajibu, "Kamwene," na sikupepesa. Nikaendelea kumtazama. Akarudi nyuma. Machozi yakaanza kunitoka kwa upepo, lakini sikupepesa.

Amekwenda moja kwa moja kwa Mama kueleza kwamba mwanawe anamkodolea macho kama trafiki wa Nyololo anayetafuta kosa la gari. Nimekwenda kuomba radhi. Kwa goti. Nikiwa natazama chini sana.

Ugonjwa umezidi. Na mnada ni keshokutwa.

Jumamosi, 19 Julai

Leo tumepamba kanisa kwa mabua ya mahindi na migomba. Nimetumwa kuchota maji, na nyuma ya kanisa nimemkuta Jackline. Amechuchumaa, anatapika.

Nikadhani ni malaria. Akasema hapana, ni mnada. Kila mara kabla ya kusimama mbele za watu huwa hivi, tangu darasa la pili. Akasema anapiga kelele ili asisikie moyo wake unavyodunda. Akaniomba nisimwambie mtu. Kisha akanivunja nguvu kabisa: "Heri wewe dada, umetulia tu. Wewe huogopi."

Mimi!

Nikamnawisha uso. Nikaketi naye ukutani, penye jua. Tukacheka kidogo. Nimefikiri siku nzima. Kama Jackline hajiamini na anapiga kelele, na mimi sijiamini na nimenyamaza, basi ugonjwa huu hauna sura. Nani ataupima? Labda si kwamba tumepungukiwa kitu. Labda ni kwamba tunachokitaka ni kikubwa kuliko kinywa.

Wazo zuri sana. Lakini haliwezi kushinda mnada. Nimekariri maneno thelathini ya kuchekesha kwa ajili ya kesho.

Jumapili, 20 Julai

USHINDI!

Alianza Jackline. Akauza njegere, kuku na mkungu wa ndizi kwa kelele tamu, watu wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa najua alichokuwa anafunika, nikampigia makofi kuliko wote.

Nikapewa boga. Boga kubwa, la Mama Devotha, zito kama mtoto wa miaka mitatu. Nikaliinua. Papo hapo maneno yote ya kuchekesha yakanitoka kichwani. Hata moja halikubaki.

Mzee Sedekia akataja bei. Mzee Dastan akaongeza kidogo. Hapo mnadishaji husema mara ya kwanza, mara ya pili, limeuzwa. Kinywa kikagoma. Nikamtazama Mzee Sedekia kwa sababu alikuwa karibu. Nilikuwa naomba msaada. Yeye akaona dharau. Akasafisha koo, akaongeza.

Nikamgeukia Mzee Dastan, naye anisaidie. Akavua kofia. Akawauliza waliokuwa jirani, huyu binti anamtazama hivyo yeye, mbele ya mke wake? Akaongeza.

Wazee hawa wamekuwa wakishindana tangu walipopanda chai mashamba yanayopakana. Mimi nikageuka kushoto, nikageuka kulia, kimya. Boga likapita bei ya kuku. Likapita bei ya mbuzi. Mtu akauliza kwa sauti lina nini ndani. Mwishowe mikono ikachoka, nikaliweka chini. Wote wakadhani ndiyo nyundo ya mnada. Limeuzwa! Kwa Mzee Sedekia!

Naye, kama ilivyo desturi, akamzawadia mchungaji. Na mchungaji, kama ilivyo desturi, akalirudisha kwenye mnada.

Nikaliinua tena. Safari hii Mzee Dastan hakungoja nimtazame.

Wazee wa kanisa hawakujadiliana sana. Mama Devotha ndiye aliyetoa hukumu: binti huyu ana utulivu wa hakimu, na macho yake yana kazi. Nakwenda Mbeya! Jackline amenikumbatia mpaka mbavu zikalia. Anakwenda pia, yeye ni sauti ya kwanza. Akaninong'oneza kwamba leo atakula chakula cha jioni.

Jumapili, 27 Julai, Mbeya

Kanisa kubwa kuliko lolote nililowahi kuona. Maikrofoni. Watu mpaka ghorofani. Tumbo limerudi kuuma, lakini safari hii nimeliacha liume. Nikasimama wima. Nikanyamaza kama siku ya boga, kwa makusudi, nikingoja kimya kifanye kazi yake.

Kikafanya. Mama mmoja mbele akainamisha kichwa. Kisha benchi lake. Kisha kanisa zima. Walidhani nimewaalika kwenye sala ya kimya.

Ningewatoaje? Nani hutaja wimbo katikati ya sala za watu? Mtu akaanza kulia taratibu. Mwalimu Ezekia, mikono hewani, akafumba macho. Nadhani yeye aliomba kweli.

Ndipo Jackline, nyuma yangu, akaachia "Amina!" ya kuita ng'ombe. Kanisa likaitikia kwa mngurumo. Nikataja wimbo. Sauti yangu ilitetemeka, na nikaiacha itetemeke. Kwaya ikaimba kuliko siku yoyote. Watu walisimama! Mchungaji wa pale akanishika mkono na kusema hajaona kijana wa kujiamini namna hii.

Jumatatu, 28 Julai

Tumerudi salama. Mwalimu Ezekia ameniita pembeni. Amenishukuru. Kisha amesema, kwa upole, kwamba tangu Mbeya mpaka Makambako nimewaeleza wenzangu siri ya kimya bila kunyamaza hata mara moja, na kwamba sasa ananiona nimepungukiwa na unyenyekevu.

Nimelifikiria. Amesema kweli. Unyenyekevu sina kabisa. Lakini nimeshapanga. Naanza kesho asubuhi, na kufikia Krismasi Igowole nzima hakutakuwa na mnyenyekevu wa kunifikia. Jackline asijisumbue hata kujaribu.