Dakika Tano za 'Get'

Jumatano, 9 Oktoba

Siku yangu imekaribia! Darasa letu la Kiingereza hapa ukumbi wa mtaa limepewa dakika tano jukwaani Siku ya Utamaduni, tarehe tatu mwezi ujao. Mtu mmoja atapanda, awaeleze Wajapani wenzake wanaojifunza matumizi ya neno moja. Neno limeshachaguliwa: 'get'. Nani mwingine kama si mimi, Wakisaka Teiji? Nimelichimba neno hili tangu Aprili. Nina kadi sitini na nne. Kupokea barua, 'get'. Kufika nyumbani, 'get'. Kuzeeka, kupanda basi, kushikwa na mafua, kuelewa mzaha: yote 'get'. Herufi tatu tu, na linafanya kazi kuliko idara nzima ya maji, ambako nilisoma mita miaka thelathini na minane bila kusimama jukwaani hata mara moja. Kwenye sherehe nilikuwa napanga viti.

Mpinzani ni mmoja tu: Bwana Nagase, daktari wa meno mstaafu, mwenye kalamu za rangi nne. Kadi hana.

Mbinu ya kesho ni rahisi. Mwalimu akiniomba, nakataa. Bila shaka! Mtu mwenye adabu hakubali mara ya kwanza. Nakataa ya kwanza, nakataa ya pili, ya tatu nainamisha kichwa na kukubali kwa shingo upande. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Mke wangu Fusae kauliza mbona nabishana na mtu bafuni.

Alhamisi, 10 Oktoba

Maafa.

Mwalimu Kirsty ni binti wa New Zealand, ana miezi miwili tu hapa mjini. Akaniomba mimi. Mimi wa kwanza, mbele ya Nagase! Nikapunga mkono mbele ya pua, ishara yetu ya kukataa, nikasema Kiingereza changu ni kibovu, siwezi kabisa. Akasema sawa, hakuna shida, ahsante kwa kusema kweli.

Akaendelea na mtu mwingine! Hakurudia!

Nagase naye akapunga mkono mbele ya pua, kwa madaha kunishinda. Sawa, hakuna shida. Akazunguka darasa zima. Watu kumi tukakataa, na wote kumi tulikuwa tunaitaka nafasi hiyo. Halafu kule nyuma Fusae, ambaye huja darasani kufuma soksi na kunywa chai ya bure, akainua macho kutoka kwenye uzi wake na kusema ndiyo, ahsante. Ndiyo maneno yake ya kwanza darasani tangu Aprili.

Nagase akanitazama. Nikamtazama. Hatujawahi kuelewana vile.

Njiani nikamuuliza Fusae imekuwaje akubali mara ya kwanza, bila haya. Akasema aliulizwa, akajibu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimepata mbinu. Zawadi! Nimenunua katika duka la stesheni maandazi ya maharage matamu, kumi na mawili, kisanduku kimefungwa kwa karatasi mara mbili. Anayepokea lazima arudishe kitu. Na Mwalimu ana kitu gani cha kunirudishia zaidi ya dakika zangu tano? Nimelala mchana kwa raha.

Alhamisi, 17 Oktoba

Kisanduku alikifungua palepale. Mbele yangu! Akakizungusha darasani. Nagase alikula matatu. Mwalimu akanishukuru, akasema mimi ni mtu mkarimu, kisha tukaendelea na ukurasa wa arobaini.

Maandazi yenyewe yalikuwa mazuri, siwezi kukana. Nilipata moja.

Jumapili, 20 Oktoba

Mbinu mpya. Nimempa Fusae kadi zote sitini na nne, kwa uso wa upendo. Hesabu yangu: atazama, atapiga kelele, nitamwokoa, nitapanda jukwaani badala yake.

Amezipitia wali ukiiva. Akachagua nne. Sitini kanirudishia, zimefungwa kwa mpira. Anasema watu wangependa kurudi makwao siku hiyohiyo.

Nimenuna mpaka saa ya chakula. Kulikuwa na samaki wa kuchoma na figili iliyokunwa, kwa hiyo kununa kukaishia hapo.

Alhamisi, 31 Oktoba

Leo nimefika karibu kabisa. Tulikuwa tunakunywa chai. Fusae kaweka kikombe chini.

"Mzee wangu, tupande wote wawili. Wewe anza, mimi nitamalizia."

Nikapunga mkono. Nikasema hapana, hapana, siku hiyo ni yako.

"Kweli hutaki?"

Nikasema kweli, nitakuharibia tu. Mbili! Ilibaki moja. Nikaketi vizuri. Nikauandaa uso wangu wa shingo upande, ule wa kwenye kioo. Fusae akanitazama kitambo, midomo ikimcheza. Akasema basi sawa, nikampangie viti.

Miaka arobaini na mmoja ya ndoa! Huyu si mgeni. Anajua kabisa kwamba kuna ya tatu. Alijifanya hamnazo.

Jumapili, 3 Novemba

Nimepanga viti mia na ishirini. Vimenyooka, mtu yeyote aende akaone.

Fusae alipanda bila karatasi. Alisema polepole, kwa Kiingereza kisha kwa lugha yetu. Kwanza, 'get' ni kitu kukufikia mkononi, kama barua ya mjukuu. Pili, ni wewe kufika mahali, kama nyumbani mvua ikinyesha. Tatu, ni kugeuka kuwa vile ambavyo hukuwa: kuzeeka, kuona baridi, kushikwa na njaa. Watu walikuwa wanaandika! Nagase kwa rangi zote nne.

Kisha akanyoosha mkono kuelekea mlangoni, nilipokuwa nimesimama na kiti cha akiba.

"Ya nne ni kumwelewa mtu mpaka ndani. Yule pale ni mume wangu. Akitaka ndiyo, anasema hapana. Mwalimu wetu bado hajamwelewa. Mimi nimemwelewa zamani."

Ukumbi ukaangua kicheko. Akasema mume huyo ndiye aliyeandika kadi sitini na nne, na bila kadi hizo asingekuwa na la kusema. Watu wakageuka, wakanipigia makofi. Mia na ishirini! Nikainama na kiti changu mkononi. Masikio yalikuwa ya moto. Nilifurahi. Naandika wazi kwa kuwa hakuna anayesoma hapa: nilifurahi sana, nami nampenda mke wangu.

Jumatano, 6 Novemba

Nimekuwa mtu mpya. Nimemwambia Fusae kuanzia leo nikiulizwa nitajibu, mara moja, ninalolitaka. Akanimiminia chai, akasema tutaona.

Alhamisi, 7 Novemba

Habari kubwa! Mwalimu Kirsty kanisimamisha baada ya darasa. Mwezi wa tatu kuna tamasha katika ukumbi mkuu wa jiji, wenye mapazia. Dakika kumi! Neno ni 'take'. Ananitaka mimi, kwa sababu ya zile kadi.

Nikapunga mkono mbele ya pua. Nikasema mimi ni nani, sifikii kiwango hicho.

Akasema sawa, hakuna shida.

Lakini safari hii ni tofauti. Sasa ana miezi mitatu hapa. Anainama vizuri, anavua viatu bila kukumbushwa. Ameshajifunza. Lazima atauliza tena. Fusae anasema alimsikia Nagase akijibu ndiyo kabla hata swali halijaisha. Aibu yake! Mwalimu ataiona tofauti kati ya mtu na mtu.

Simu iko hapa mezani, sauti nimeipandisha mpaka mwisho. Kadi za 'take' zimefika kumi na nane. Akipiga tu, niko tayari kukataa mara ya pili.