Babu Anabambuka

Jumatatu, 7 Julai
Baridi ya Lushoto mwezi huu haina adabu. Valentino, mchumba wa binti yangu Beatha, kaenda semina Dodoma, kaniachia mjusi wake. Mjusi! Wenzangu wanaachiwa kuku. Huyu katoka nchi za mbali, ana ndevu za miiba, anaitwa Babu. Asubuhi nimempa shikamoo kabla sijakumbuka ni nani. Hakuitikia. Posa inaletwa Jumapili baada ya ibada. Babu akifa, sijui kama hiyo posa itapanda mlima. Nimempa majani ya chainizi. Kala.

Jumanne, 8 Julai
Balaa. Babu kapauka. Ngozi ya mgongo inabambuka kama kiazi kilichochemshwa. Wifi yangu Zipora kaja kuomba kaa la moto, kamwona. Kasema hayo ni mapunye, mkwe atasema tunaishi kwenye uchafu. Na yeye ana binti hajaposwa. Namjua.
Beatha kasoma kwenye simu. Eti anabadilisha ngozi tu, kama nyoka. Aogeshwe maji ya uvuguvugu, asivutwe, aachwe. Nikamwambia simu haijawahi kulea mtoto.

Jumatano, 9 Julai
Nimempaka mafuta ya kukamulia. Chuchu za ng'ombe wetu zilipasuka mwaka jana, zikapona kwa hayo hayo. Ngozi ni ngozi. Nikamviringisha kwenye kitenge kama mtoto mchanga, nikamlaza karibu na mafiga apate joto.
Mafuta, moshi, masizi. Sikuliwaza hilo. Jioni nimemfungua, mweusi kama chungu cha makande. Kanitumbulia macho. Zipora karudi, hata hakuwa na shida ya moto. Kauliza kama tunamkausha kwa ajili ya wageni.

Alhamisi, 10 Julai
Nimemwogesha maji ya uvuguvugu. Si kwa sababu ya simu. Kwa sababu ya masizi.
Ngozi ya mguu ikatoka yote, na vidole vyake, nzima nzima, ikabaki mkononi mwangu. Ya mgongo ikafuata, vipande vipande. Nimemchuna mjusi wa watu akiwa hai!
Nikaufunga mlango. Nikapika uji mzito wa muhogo uwe gundi, nikamrudishia ngozi yake kipande kwa kipande. Kimoja sikujua kilikuwa cha wapi. Nimekibandika kichwani.

Ijumaa, 11 Julai
Semina imekwisha mapema. Valentino kaja moja kwa moja, na mkoba begani. Shikamoo mama, kasema vizuri kabisa. Nyuma yake Zipora, hakuna aliyemwita.
Valentino kamwinamia Babu, kamgusa kichwani. Halafu kwa sauti ndogo: "Mama, huyu amepakwa uji?"
Nikasema hapana. Nikasema ndiyo. Nikalia. Nikamwambia amchukue hata ng'ombe, ila Beatha asimwache, mtoto hana kosa. Zipora akadakia kwamba kwake wanyama wa watu wanatunzwa.
Kijana kaomba beseni. Kamwosha Babu taratibu, uji ukatoka, masizi yakatoka, vigamba vyote vikatoka. Chini yake ngozi mpya, ya njano kama ndizi mbivu. Valentino kacheka mpaka kakaa juu ya gunia la viazi.
"Mama, ungemwacha tu. Anajivua mwenyewe. Na Jumapili wazee wangu wanakuja, hata kama ungekuwa umemkaanga."
Zipora kaondoka bila kuaga.

Jumapili, 13 Julai
Wazee wamekuja kutoka Soni, posa tumepokea. Beatha hanyanyui uso kwa aibu, lakini meno yote yako nje. Nimemshukuru Mungu.
Valentino kasema Babu akae kwangu mpaka nyumba yake iezekwe, maana kanizoea. Ila niahidi sitampaka kitu chochote tena. Nimeahidi mbele ya mchungaji.
Sasa hivi wageni wameondoka. Babu yuko juani, kaachama, mdomo haufungi. Beatha anasema anapunguza joto. Joto gani, Lushoto hii? Hicho ni kiungulia, nakijua.
Valentino alisema nisimpake. Kumnywesha hakukutaja. Natwanga tangawizi.