Mheshimiwa na Pai Kumi na Saba

Alhamisi, 6 Agosti
Siku tano kabla ya mchujo wa chama. Gazeti linasema Renata Sobczak, mwalimu wa sayansi, ananizidi kwa asilimia nne. Ananizidi mimi! Nimekaa Bungeni kule Washington miaka arobaini na miwili. Alipozaliwa nilikuwa nimeshaapishwa mara tatu. Mke wangu Dagny kasema nipumzike, nimsaidie kupalilia waridi. Waridi! Kwenye kiti hiki nitatoka nimebebwa.

Maonyesho ya kilimo ya kaunti yanatafuta jaji wa shindano la pai. Renata kakataa. Curtis, mkuu wa kampeni yangu, kaniapia kwamba hapa Minnesota mwanasiasa hagusi kazi hiyo: unapata rafiki mmoja na maadui wengine wote. Mwoga. Nimekubali.

Ijumaa, 7 Agosti
Akili ni mali! Pai kumi na saba za tufaha, wapishi kumi na saba, kila mmoja na wakwe na wajukuu wapiga kura. Nikawapa wote nafasi ya kwanza. Tepe za bluu, zile za mshindi wa kwanza, nilikuwa nimezinunua asubuhi. Nilionja pai nne tu. Daktari kanikataza sukari.

Makofi yalikuwa machache. Bernice Tollefson, bingwa wa miaka tisa, akamega pai ya jirani yake Lorna, akatema. Lorna mwenyewe akakiri: alikosea kopo, akatia chumvi badala ya sukari, akaileta tu kwa kuwa jina lilishaandikwa.

"Mheshimiwa, hii hukuionja," Bernice akasema mbele za watu.

Mzee mmoja nyuma akadakia, "Na sheria anazipitisha hivyo hivyo!"

Walicheka mpaka ng'ombe wa maonyesho wakageuka. Uso uliniwaka.

Jumamosi, 8 Agosti
Mbinu mpya. Nimewapigia simu mmoja mmoja, kwa siri, kumwambia kila mpishi kwamba pai yake ndiyo ilikuwa bora kweli, ila asimwambie mtu. Wa sita akaniomba niongeze sauti, wenzake hawasikii vizuri. Kumbe wote walikuwa jikoni mwa kanisa la Kilutheri, wanaandaa chakula cha Jumapili! Dagny naye alikuwepo, anamenya viazi. Miaka hamsini ya ndoa, sikujua Jumamosi huwa anakwenda wapi.

Jumanne, 11 Agosti
Nimeshindwa. Kwa kura mia tisa na kumi. Desturi ni aliyeshindwa kumpigia mshindi simu ya pongezi. Sikupiga. Akapiga Renata mwenyewe, kwa adabu, akanishukuru kwa utumishi wangu. Nikamwambia asikizoee kile kiti. Imeniuma. Sioni haya kuandika: imeniuma sana.

Jumatano, 12 Agosti
Kaunti ya jirani imepiga simu. Wanataka jaji wa shindano la watoto wachanga wazuri. Nimekubali kabla hawajamaliza kuniomba. Curtis kaacha kazi dakika hiyo hiyo. Dagny kaniuliza kama kuna chochote nilichojifunza. Kipo! Pai ina mpishi mmoja, lakini mtoto ana wazazi wawili, babu wawili na bibi wawili. Kura sita! Na uchaguzi ujao, baada ya miaka miwili, nitakuwa na umri wa miaka themanini tu. Nimeagiza vikombe vya ushindi ishirini na vinane, kila mtoto chake.