Nyumba ya Kwanza ya Bitterwell

Kitendawili! Ninayo nyumba, mlango mmoja, dirisha moja. Jumatatu imelala kwa huyu, Jumanne kwa yule, Jumatano kwa jirani yake, na kila mmoja anaapa haijatoka kwake hata siku moja. Mmeshindwa? Nipeni mji. Msinipe mji mkubwa, nitaupeleka wapi? Nipeni Bitterwell, kule mbugani Dakota, ambako upepo humvua mtu kofia kabla hajaamkia. Jibu msiniulize mimi. Litatoka kinywani mwa mwenye nyumba.

Basi mwezi wa Mei mwaka 1907, Bitterwell ilipata heshima ambayo hata miji yenye taa haijaipata. Iliundwa Kamati Kuu ya Kuthibitisha Utangulizi wa Waliotangulia. Wajumbe saba, mwenyekiti Hakimu Phineas Cudworth. Wananchi walijaza fomu. Watu arobaini na watatu walithibitika kuwa wa kwanza kufika, wawili kati yao wakiwa bado hawajazaliwa. Kamati ilipima yote kwa haki, ikagundua kwamba wa kwanza hasa ni mwenyekiti.

Ikagundua zaidi. Nyumba ya Kwanza, ya Hakimu, ilisimama tangu mwaka 1881 hadi ilipoungua, bila kuhama, pale pale penye kisima cha mjane Gudrun Aasen. Kisima hicho ndicho pekee mjini chenye maji matamu, na reli ilikuwa njiani, na garimoshi hunywa kuliko ng'ombe. Lakini hayo yalisadifu tu. Kwa mujibu wa historia, kisima kilikuwa cha Hakimu, na shamba likafuata kisima.

Ilibaki sahihi ya mwanahistoria. Huyo ni Orrin Stubblefield, mhariri wa *Tarumbeta la Bitterwell*. Alikuja na mashine ya kuchapa ndani ya gari la ng'ombe, nusu ya herufi zake za risasi zikazama mtoni, na toleo la kwanza akalichapa chini ya turubai. Miaka ishirini na sita ameandika kila harusi, kila dhoruba, kila ndama mwenye vichwa viwili. Kila toleo amelihifadhi kwenye mapipa ya unga, akiandika polepole kitabu cha historia ya wilaya.

"Bwana Orrin," Hakimu alisema, akiweka karatasi mezani, "sura ya kwanza ya kitabu chako tayari. Tia sahihi tu."

"Mheshimiwa, mwandishi si mimi?"

"Ndiyo maana hatukutaka kukuchosha."

Orrin akasoma, akavua miwani, akaifuta. "Mei ya mwaka themanini na mbili, nyumba hii ilisimama wapi?"

"Historia haitaki tarehe, bwana. Inataka heshima." Hakimu akavaa kofia. "Sahihi iwepo kabla ya Sikukuu ya Waliotangulia. La sivyo, matangazo ya serikali yatahamia gazeti jingine."

"Hakuna gazeti jingine."

"Litakuwepo."

Alasiri ile Gudrun mwenyewe akaja na ndoo ya viazi vya kuchemsha. Mwaka wa nzige, walipokula mashamba, mapazia na mpini wa jembe, viazi vya mama huyu ndivyo vilivyomfikisha Orrin masika.

"Mwanangu, unajua nyumba ile ilikuwa wapi?"

Orrin akatazama mapipa. Zamani zile serikali ilitoa shamba bure kwa aliyejenga nyumba na kuishi humo, na sharti atangaze gazetini, pamoja na jina la shahidi.

"Najua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoyachapa matangazo ya hao wajumbe saba."

"Ukanyamaza."

"Walikuwa na njaa. Nami nilikuwa na njaa."

"Njaa imekwisha," Gudrun akasema. "Kula kiazi."

Ijumaa *Tarumbeta* likatoka. Halikumtukana mtu. Lilichapa upya matangazo saba ya Mei 1882, ya mashamba saba ya wajumbe saba. Kila shamba lilikuwa na nyumba ya mbao, mlango wa kijani, dirisha moja lenye kioo kilichopasuka pembeni. Katika yale sita ya wenzake Hakimu, shahidi aliyeapa kuiona ni Phineas Cudworth mwenyewe. Chini yake swali moja: *Nyumba ilisimama wapi?*

Hakimu akaendelea kuandaa Sikukuu. Mwenye hadhi hajibizani na karatasi.

Siku ya Sikukuu bendi ilipiga, pai zikakatwa, jiwe la kumbukumbu likasubiri chini ya shuka. Afisa wa ardhi alikuwa ameketi mbele, mgeni rasmi. Ndipo Amos Pruitt, mchonga majeneza na mjumbe wa Kamati, akainuka na gazeti mkononi.

"Mheshimiwa, jiwe linasema nyumba haikutoka kwa Gudrun. Sasa mimi shamba nilipewa kwa nyumba ipi?"

"Na mimi?" akadakia Elias Tubbs, kinyozi. "Sema ilikuwa kwangu!"

"Kwako wapi, ndevu wewe? Kwangu ilikaa wiki nzima!" Amos akamgeukia.

"Wiki? Uliniahidi Jumanne ukairudisha Alhamisi!"

"Kamati," Hakimu akasema, "inaahirishwa kwa kauli moja."

"Kaa chini!" Kauli ilikuwa moja kweli. Wajumbe wote sita waliitoa pamoja.

Afisa wa ardhi akaweka pai chini, akajifuta mdomo taratibu. "Hata mimi ningependa kujua."

Hakimu akawatazama wenzake. Akitaja shamba la mmoja, watano wanabaki bila nyumba. Akitaja la mjane, sita. Amos alikuwa anamtazama kuanzia utosini hadi viatuni, kwa jicho la kazi. Gudrun alikuwa amekaa na ndoo yake mapajani.

Orrin akasogea, hata penseli hakushika.

"Phineas," akasema, kwa mara ya kwanza bila umheshimiwa, "nyumba ilisimama wapi?"

Upepo ukalifunua jiwe.

"Haikusimama," Hakimu akasema. "Ilikuwa na magurudumu."