Ng'ombe mu Chumba ya Mama Mukwe

Marafiki, leo nimejiaibisha mupaka sina uso wa kutoka nje.

Munajua serikali imeahidi musaada kwa wakulima wasiotia mbolea ya duka mu shamba. Huku kwetu Mushaki agronomu, bwana shamba wa serikali, alisema wazi: lazima waone kwa macho ng'ombe na mavi yake, njo jina yako ipite. Mimi niko na ng'ombe mumoja tu, Furaha. Na ule musaada njo utanipa mbegu ya viazi. Msimu uliopita tulikimbia vita, viazi vikaliwa na watu tusiowajua. Bila mbegu watoto watakula nini? Tangu juzi silali.

Nilikuwa nangoja agronomu, na yeye anakujaka na pikipiki. Leo asubuhi nasikia nini? Jeep! Jeep ku njia yetu, na hii vita! Huku tukisikia gari tusiyoijua, muntu anaficha ng'ombe mbele ya kujificha mwenyewe. Nikamusukuma Furaha mu chumba ya mama mukwe, maana njo iko na mulango ya nguvu. Mwenyewe alikuwa ameenda kutafuta kuni.

Wakashuka wanaume wawili na makoti makubwa.

"Jambo, Mama. Uko na ng'ombe?"

"Ng'ombe? Hapana, Papa! Hata kuku sina." (Kuku walikuwa wanapita mu miguu yake.)

Mule ndani Furaha akalia. Muuuu!

"Na ile ni nini?"

"Ni mama mukwe, Papa. Iko mugonjwa. Kifua." (Mungu anisamehe.)

Mara agronomu wetu akafika nyuma ya jeep na pikipiki yake, amekunja uso. "Mama Neema! Hawa ni wageni wa Goma, wamekuja kwa ule musaada. Unasema hauna ng'ombe?"

Yesu wangu! Sauti ikatoka ku mugongo yangu:

"Ni nani mugonjwa wa kifua?"

Mama mukwe! Muzima kabisa, muzigo wa kuni ku kichwa.

Furaha njo alijibu. Akavunja mulango, akatoka na kitenge ya mama mukwe ku pembe, ile anavaaka ku misa.

Mugeni mumoja akakaa chini kwa kucheka. Mwingine akajikaza: "Sawa, ng'ombe tumeona. Mavi yake?"

"Yote nimekwisha kutia mu shamba, Papa."

"Lazima tuone, Mama."

Nikaanza kulia. Mama mukwe alikuwa amekwisha kuchungulia chumba yake.

"Kujeni," akawaambia. "Iko ku kitanda yangu."

Wakaingia, wakaangalia, wakatoka wameshika pua. Jina yangu imepita!

Sasa mama mukwe amechukua kitanda yangu, hanisemeshi, na mimi nafua mashuka yake. Kila jirani anayepita anauliza kama kifua yake imepona. Tafazali, musinicheke. Anayeshindwa kujizuia angoje viazi viive, acheke akiwa ameshiba.