Pointi Tatu Kati ya Nyundo na Msumari

Ndugu Mpimaji wa Programu za Sataranji,

Natumaini u mzima, wewe na kompyuta zako nne zinazoshindana usiku na mchana bila kuomba hata maji. Mimi ni fundi wa majokofu na ndiye niliyeiunda programu iitwayo Nyundo. Katika orodha yako ya juzi umeiweka ya arobaini na moja. Ya arobaini umeiweka Msumari, ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kwa pointi tatu zaidi.

Hujui ulichokifanya. Mke wangu ana mimba ya miezi minane, na tulikubaliana mbele ya mama mkwe kwamba mwenye programu ya juu ndiye atakayempa mtoto jina. Shemeji ameshachagua. Mtoto ataitwa Msumari.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Umeandika mwenyewe pembeni kwamba hesabu zako zinaweza kukosea kwa pointi ishirini, juu au chini. Ndugu yangu, mtu anayekosea kwa ishirini anapata wapi ujasiri wa kutangaza tatu?

2. Umezipa zote dakika mbili kwa mchezo. Nyundo hufikiri. Msumari hukurupuka, kama shemeji mwenyewe.

3. Kila mchezo unaanzia kwenye hatua nane ulizochagua wewe, kisha programu zinabadilishana rangi na kurudia. Unaiita haki. Kumsukuma mtu katikati ya ugomvi asiouanzisha, halafu kumrudisha apigwe upande wa pili, sisi tunaita uchokozi.

4. Nimeisoma michezo yote mia sita ya Nyundo. Katika ule wa 212 ilimtoa malkia wake kwa hiari, ikashinda kwa kiaskari kimoja. Nililia, mkono ungali ndani ya jokofu la mteja. Msumari haiwezi jambo hilo hata izaliwe upya.

5. Kwa hiyo naomba ile ishirini ya makosa unipe mimi yote, na shemeji umpunguzie yake. Hutakuwa umesema uongo, utakuwa umekosea kwa kiwango chako cha kawaida. Ikishindikana, mwandikie msajili wa vizazi kwamba jina la mtoto huyu linaweza kukosewa kwa majina ishirini, juu au chini.

Wasalimie wote hapo kazini, na kompyuta zako moja moja, hata ile iliyotuonea.

Ni mimi, ninayeheshimu mizani yako na nisiyetaka kuitwa Baba Msumari,
Fundi Majokofu

N.B. Nimempa mke wangu aisome barua hii, kwa kuwa ndiye aliyekutumia programu zetu kutoka ofisini kwake. Amecheka mpaka akashika ukuta. Anasema alituma moja tu, ya kaka yake, mara mbili kwa majina mawili, ili tutoke sare na mtoto wake ampe jina yeye. Hakutegemea kwamba ungekuta pointi tatu kati ya kitu na kitu hicho hicho. Nyundo yenyewe bado iko hapa nyumbani. Nakuomba sana, usije ukaipima.